Povu la kupulizia chini ya paa: nisaini au nisubiri?

Mama Neema, Leicester
Habarini. Nyumba yetu ni ya miaka ya 1930, paa la vigae, na baridi ya vyumba vya juu haisemeki. Kuna kijana kapiga hodi, anasema atapulizia povu la kuzuia baridi, lile linalokauka na kuwa gumu, upande wa ndani wa paa, kazi ya siku moja, na punguzo nikisaini wiki hii. Mume wangu ameshalainika. Mnasemaje?

Fundi Paa, Coventry
Mama Neema, usisaini. Mimi naezeka mapaa, na kulibandua hilo povu ndiyo kazi nisiyoitaka kabisa. Kuzuia baridi linazuia, hapo hawadanganyi. Ila paa la zamani linapumua: upepo unapenya kwenye vigae na kukausha mbao. Mvuke wa jikoni na bafuni unapanda, ukikuta mbao zimefunikwa unabaki humo humo. Juzi nimebandua povu safi, halina hata ufa. Nikachokonoa boriti nyuma yake, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Na povu linashika vigae, ukilivuta vinakuja navyo.

Halafu benki. Wakopeshaji wengi hapa Uingereza wanaikataa nyumba ya namna hiyo kwa sababu mkaguzi hazioni mbao. Siku ukitaka kuuza, mnunuzi ananyimwa mkopo.

Tandaza sufi ya madini (nyuzi laini za mawe au kioo) juu ya dari, unene milimita 270. Pembeni, paa linapokutana na ukuta, acha hewa ipite. Vaa barakoa na mikono mirefu, inawasha kama upupu.

Baba Zuu, Minnesota, Marekani
Mbona huku tunapulizia tu? Mimi nimeweka kwenye kuta za zege za chumba cha chini ya ardhi. Tulihama siku nzima mpaka likauke na harufu iishe, lakini sasa kule chini kunakalika hata Januari.

Fundi Paa, Coventry
Kaka, zege halina cha kuoza. Mimi nasema mbao za paa.

Mama Neema, Leicester
Asante fundi, kijana nimemwambia asirudi. Sasa tangi la maji lililo darini, nalo nilifunike?

Fundi Paa, Coventry
Pembeni na juu, ndiyo. Chini yake usiweke kitu, joto la chumba lipande lilifikie. Ukiziba na huko, maji yataganda. Na mabomba yavishe yote.