Tasnifu ya vidonda vya kulalia: nitumie mafaili au nikague wagonjwa wenyewe?

sista_wa_zamu:
Habari zenu wadau. Nasoma masta ya uuguzi, nipo mwaka wa pili, na proposo yangu ni vidonda vya kulalia kwa wagonjwa wa kiharusi, wale waliopooza wanalala chali kutwa. Supavaiza anataka nitumie mafaili ya nyuma, eti ni haraka na hela hakuna. Moyo wangu unakataa kabisa. Faili unakuta "mgonjwa amegeuzwa" saa mbili, saa nne, saa sita, kalamu moja mwandiko mmoja mpaka asubuhi, halafu mgonjwa huyo huyo ukimgeuza juu ya makalio kumeshachimbika. Wenzangu siwalaumu, usiku unabaki peke yako na wodi nzima, utageuza wangapi? Ila nikichukua data hizo ntakuwa nimepima nini jamani? Mliopita huku mlifanyaje?

mzee_wa_data:
Dada upo sahihi. Chagua siku moja, pita kitanda kwa kitanda, kagua kila aliyeridhia kuanzia kisogoni mpaka visiginoni, andika nani ana kidonda na daraja lake, yaani kimefikia hatua gani, ndio ufungue faili la siku hiyo hiyo uone limesema nini. Hiyo tofauti ndio tasnifu yenyewe, na supavaiza atakuwa amepata mafaili yake. Ila usije ukaandika kwamba wodi ndio imesababisha, kwa siku moja unajua wangapi wanacho tu, wengine wanakuja nacho toka nyumbani. Kupima hatari ya mgonjwa kupata kidonda tumia skeli ya Braden, ilichapishwa 1987, ina vipengele 6 na alama 6 mpaka 23, na alama zikishuka hatari ndio inapanda, 18 kushuka chini huyo yupo hatarini. Wasaidizi wako wafundishe hilo mapema maana ni rahisi kulisoma kinyume.

nesi_mama_wawili:
Naongezea kitu ambacho kinaniuma sana. Vitabu vinasema daraja la kwanza ni wekundu usiopotea ukibonyeza. Kwenye ngozi zetu nyeusi huo wekundu mara nyingi huuoni, unapita unaandika ngozi ni nzima haina tatizo, baada ya siku chache kidonda kimefunguka. Weka kwenye fomu yako mkono na sio macho peke yake: gusa kwa nyuma ya kiganja, linganisha na ngozi ya pembeni, pana joto zaidi au pamepoa, pamekuwa pagumu au panabonyea, kama anaweza kuongea muulize panauma? Na uwe na tochi, taa za wodini unazijua mwenyewe.

sista_wa_zamu:
Asanteni sana, hilo la kugusa sikuliweka kabisa naliingiza leo. Na ndugu je? Wodini kwetu ndugu ndio wanaogeuza, wanaosafisha, wanaolisha.

mzee_wa_data:
Wahoji, tena usiwape dodoso, kaa nao uongee, uliza nani aliwaonyesha kugeuza na wanamvutaje, maana kumburuza kwenye shuka kunachubua ngozi. Mgonjwa asiyejitambua ndugu ndio atatoa ridhaa, kamati ya maadili ya chuo lazima itakuuliza hilo. Na watakuuliza ukikuta kidonda ambacho hakuna anayekijua unafanyaje, andika kabisa kwamba unamwambia sista inchaji hapo hapo na kinaanza kutibiwa siku hiyo, usisubiri umalize kukusanya data.