Ati hili ziwa letu liliwahi kukauka kabisa? Mjomba amekataa katakata

OmenaKavu (Kisumu):
Wasee niokoeni. Jana tuko Dunga na mjomba tunangoja samaki ikaangwe, nikamwambia nilisoma pahali ati Nam Lolwe (Ziwa Victoria) ilikauka kitu miaka 15,000 iliyopita ikabaki nyasi tupu. Mzee alicheka mpaka watu wakageuka. Amevua tangu akiwa kijana, anasema maji hupanda hushuka lakini kukauka zii. Sikuwa na la kumjibu, kwani hizo habari walizitoa wapi na hakukuwa na mtu wa kuandika?

KijanaWaMbita:
Zimetoka kwa matope bana. Wanateremsha bomba mpaka chini ya ziwa wanavuta udongo ukiwa umepangana vile ulivyolala, wa juu ni wa juzi wa chini ni wa kale. Ukimaliza yale matope laini unakuta udongo mgumu wenye ulikauka na mizizi ya nyasi ndani, na iko mpaka kule kwenye kina kirefu si ati ni ufuoni tu. Umri wanapima na kaboni. Mwambie mjomba hili ziwa ni pana lakini ni kama sinia, chini mwisho ni kitu mita 80, Tanganyika inapita 1,400! Halafu maji mengi si ya mito kama Nzoia wala Kagera, ni mvua inanyesha juu ya ziwa lenyewe. Mvua ikikataa miaka na miaka jua linalamba yote.

DadaSeksheni58:
Huku Nakuru hatushangai. Letu katikati ya miaka ya 90 lilibaki vumbi karibu lote, saa hii limemeza mpaka geti la mbuga 😂

BwanaMashaka:
Mimi bado. Kama lilikauka fulu, hawa samaki wadogo wa ziwa letu, walitoka wapi? Aina zaidi ya 500 haziko pengine duniani, zote zitokee kwa miaka 15,000? Hiyo hesabu ni ya mkora.

KijanaWaMbita:
@BwanaMashaka hapo ndio utamu. Utafiti wa jeni wa 2017 ulionyesha wazazi wa fulu ni koo mbili, moja ya upande wa Kongo ingine ya Nile, na walichanganyikana kitambo sana kabla ya huo ukame. Yaani karata zilikuwa zimeshachanganywa, ziwa lilipojaa ikawa ni kugawa tu. (Sisi nasi tukaleta mbuta (sangara) miaka ya 50 akala nyingi zikaisha, lakini hiyo ni kesi ingine.)
Halafu huku kwetu Rusinga walichimba mifupa ya Rusingoryx, jamaa wa nyumbu mwenye pua kama tarumbeta. Hiyo ni ya zamani kuliko huo ukame, lakini makundi ya nyumbu kisiwani walifuata nini kama hapo hapakuwa mbuga ya nchi kavu?

OmenaKavu:
Nimempigia nikamwambia ya nyumbu. Amenyamaza kidogo, halafu akauliza, sasa hiyo shamba yote ya katikati ilikuwa ya nani.