Nina usonji: nitawekaje mipaka kwa mtu ambaye bado nahitaji msaada wake?

Swali

Habari zenu. Mimi ni mtu mzima mwenye usonji. Mwenzangu ndiye anayenipigia simu za ofisini na kunisindikiza penye watu wengi, na msaada huo ninauhitaji kwelikweli. Hata hivyo, akinuna kidogo tu mimi huanza kuomba radhi kabla sijajua kosa ni lipi, na akiniomba jambo hukubali papo hapo, kisha kesho yake ndipo ninapogundua kwamba sikulitaka. Nitaanzia wapi?

Jibu la kwanza

Ndugu, tenganisha kwanza kuhitaji msaada na kujifuta, yaani kuyaacha matakwa yako ili mwenzako asikasirike. Kujifuta huko watu hukuita utegemezi wa kihisia (kwa Kiingereza "codependency"); dhana hiyo ilikua kutokana na kazi ya kuzihudumia familia za walevi, na haimo kama ugonjwa katika DSM-5, mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba kupigiwa simu ni dalili ya maradhi. Cha kuangalia ni kinachotokea unapokataa: je, msaada unaendelea, au unageuka fimbo ya kukuchapia?

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, ila ushauri uliozoeleka wa "sikiliza hisia zako" hautufai wengi wetu. Baadhi ya watu wenye usonji wana pia aleksithimia, yaani ugumu wa kutambua na kutaja hisia zao, na wengine wamejizoeza tangu utotoni kuficha usumbufu ili wakubalike, hata ishara za mwili huwafikia zikiwa zimechelewa. Ndiyo maana mimi huamua mapema, nikiwa nimetulia, na huandika. Kila ombi lisilo la dharura hulijibu hivi: "Nimekusikia, nitakujibu kesho jioni." Sentensi ni ileile kila mara, kwa hiyo sihitaji kutunga lolote nikiwa nimebanwa.

Tena, mpaka hueleza utakalofanya wewe. "Usinifokee" ni ombi. "Sauti ikipanda nitatoka chumbani, na nitarudi baada ya nusu saa" ni mpaka, na muda huo wa kurudi utaje, kwa sababu ukimya wetu watu huusoma kama hasira.

Jibu la tatu

Hilo la kusomwa vibaya ni la pande zote mbili; Damian Milton, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kulihusu mwaka 2012, akisema kwamba wasio na usonji nao hushindwa kutuelewa. Mweleze mwenzako kwa maandishi. Lakini dada au kaka, kama anakuadhibu kwa kila "hapana", sentensi nzuri hazitatosha: tafuta kwanza mtu wa pili wa kukupigia hata simu moja, ndipo ukatae.

Muulizaji

Asanteni. Akinyimwa jambo huninyima msaada siku nzima, kwa hiyo naanza na la mwisho. Dada yangu amekubali kushika simu za ofisini.