Uzamili wa maji na usafi wa mazingira: Delft, Uingereza, Tlemcen au nibaki Arusha?

Mlima_Meru (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijaanza kujaza fomu. Nina shahada ya kwanza ya uhandisi wa mazingira, na mwaka wa tatu huu nipo kazini kwenye miradi ya maji vijijini. Kwetu ni Ngarenanyuki, kaskazini mwa Mlima Meru. Maji yapo, tena ya chemchemi, ila yamejaa floraidi. Ukimwona mtu ana meno ya kahawia huulizi katokea wapi, na wapo watoto miguu imepinda. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4 kwa vijijini, maana ile 1.5 ilitushinda.

Nataka nikasome nirudi nilifanyie kazi hilo. Nimebaki na Delft (Uholanzi), Uingereza, Tlemcen (Algeria) au chuo cha Nelson Mandela hapa Arusha. Pesa ya kujisomesha sina, lazima nipate ufadhili. Nani kapita huko?

Kisima_Kirefu
Mkuu, mimi nimetoka Delft. Chuo kinaitwa IHE, kipo tangu 1957, na kazi yake ni maji tu. Unakaa darasani na mtu wa idara ya maji ya Ghana, mwingine wa Nepal, mwingine Kolombia, na mengi niliyoyabeba niliyapata kwao jikoni hosteli.

Ila usichanganye kozi. Ile ya mwaka mmoja ya usafi wa mazingira ni nzuri, lakini inahusu vyoo na tope lake: kunyonya, kusafirisha, kutibu. Floraidi humo hutaiona. Tazama ile ya maji na maendeleo endelevu, uwaulize upande wa kutibu maji ya kunywa. Ufadhili ndiyo shughuli. Ule mpango wa serikali ya Uholanzi uliobeba Watanzania wengi, Orange Knowledge, umekwisha, kwa hiyo kurasa za zamani zisikupotezee muda. Rotary nao waliwahi kusomesha watu pale. Pita klabu ya mjini kwako uwaulize kama bado.

Mzee_wa_Mabwawa
Uingereza ina vyuo viwili vya kuangalia. Loughborough wana kituo cha WEDC, cha tangu 1971, kimejikita kwenye maji na vyoo vya nchi kama zetu. Leeds ndiko alikofundisha Duncan Mara, yule wa mabwawa ya majitaka. Mabwawa ya aina hiyo mnayaona Moshi, Morogoro, Iringa. Omba ufadhili wa Commonwealth au Chevening. Chevening wanataka uwe umefanya kazi miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani ukae miwili. Wewe kurudi ndiyo nia yako, hivyo si kikwazo.

Usiisahau Ujerumani. DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo, wana orodha ya kozi wanazofadhili kwa watu wa nchi zinazoendelea, na uhandisi wa maji wa Stuttgart umekuwemo. Masharti ni miaka miwili ya kazi na shahada isiyozidi miaka sita tangu uipate. Kwa hesabu yako una muda, lakini si mwingi.

Binti_Usagara
Kaka, Tlemcen ni chuo cha Umoja wa Afrika, taasisi ya maji na nishati ya Pan African University. Miaka miwili, Kiingereza, ada hulipi, na posho ipo. Kuna kikomo cha umri, wanawake tumeongezewa kidogo. Mtaani ni Kiarabu na Kifaransa, jiandae kununua nyanya kwa vidole. Kizuri ni kwamba mifano ya darasani inatoka Sahel, Ethiopia, Kameruni. Nikisema pampu imekufa kwa kukosa spea, hakuna aliyenishangaa.

BombaKavu
Nawasoma tangu juu, wote mnamtajia vyuo. Mimi nimefanya kazi na vichujio vya mkaa wa mifupa, vile vya kuondoa floraidi, ngoja niseme yanayotokea.

Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru, hewa kidogo, joto la kupimwa. Ukichoma pungufu, mkaa unatoka mweusi, maji yananuka, mama anayamwaga siku hiyohiyo na kukirudia kichujio tena humpati. Ukipitiliza, unatoka mweupe na haushiki kitu. Ukipatia, maji yanatoka safi kabisa. Kwa muda. Baadaye mkaa unashiba floraidi, na floraidi haina ladha, harufu wala rangi. Kichujio kizima na kilichokufa vinatoa maji yanayofanana machoni pa mtu. Lazima aje mtu na kipimo, na mkaa ubadilishwe. Anayelipia hiyo safari ni nani? Miradi mingi inalala hapohapo, wala si kwenye kemia. Kwingine watu wanakataa mifupa kwa sababu hawajui ni ya mnyama gani, na dini zao haziruhusu kila mnyama. Na hata maji yakiwa safi, maharage yanapikwa kwa magadi, na magadi ya huku yana floraidi yake. Profesa wa Ulaya hana habari na magadi. Pale kituo cha utafiti wa floraidi Ngurdoto, hukuhuku Arusha, watakueleza asubuhi moja tu.

Ndiyo maana nasema uanzie Nelson Mandela. Dk. Askwar Hilonga wa pale alikwenda Korea Kusini kusomea uzamivu wa nanoteknolojia, teknolojia ya chembe ndogo mno, siyo maji. Akarudi, akatengeneza kichujio cha mchanga na nanoteknolojia, na 2015 akachukua tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Alikifuata nje kitu ambacho huku hakikuwepo. Wewe unakwenda kufuata nini ambacho Arusha hakipo? Ukiwa na jibu, chuo utakiona chenyewe.

Nakuru_Kwetu
Majirani, hata huku Nakuru, Kenya, shida ni hiyohiyo. Dayosisi ya Katoliki ilichoma mifupa na kuuza vichujio, wakisaidiana na watafiti wa Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi. Kabla hujapanda ndege, panda basi uje ujionee.

Binti_Usagara
BombaKavu, nakubali yote isipokuwa kubaki. Akibaki Arusha mwajiri atampigia kila wiki: njoo bomba limepasuka, njoo kuna kikao na diwani. Atasoma usiku. Mimi nje nilipata kitu kimoja ambacho nyumbani sikuwahi kukipata, muda wa kukaa na swali moja.

BombaKavu
Hilo sibishi, dada.

Mlima_Meru
Asanteni sana wakuu. Swali la BombaKavu limenibana. Jibu la haraka ni kwamba kemia naweza kuipata hapa. Sijui kupanga bei ya maji ili chombo cha watumia maji kiweze kununua mkaa mpya bila kungoja mfadhili. Je, kwenye hizo kozi kuna mahali wanafundisha hilo, au ni uhandisi mtupu?

Kisima_Kirefu
Delft wana watu wa usimamizi na fedha za huduma za maji, siyo wahandisi peke yao. Na data ya tasnifu nilikuja kuichukua Mwanza, msimamizi wangu hakuwa na neno. Waandikie barua pepe kabla ya kuomba, uwaulize nani atakusimamia kwa mada hiyo.

Kijana_Ubungo
Samahanini wakubwa. Mimi nina stashahada ya Chuo cha Maji, haya yote hayanihusu?

Mzee_wa_Mabwawa
Yanakuhusu baadaye, mwanangu. Kwa sasa ingia Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, tafuta kozi za Eawag: kutibu maji nyumbani, kupanga usafi wa mazingira, tope la vyooni. Angalia kama kusoma bado ni bure. Pakua video kwa bando la usiku.

Mlima_Meru
BombaKavu, Ngurdoto nikienda wananipimia maji ya kwetu?

BombaKavu
Nenda ukawaulize, siku ya kazi, asubuhi. Beba ya kila chemchemi kwenye chupa yake ya plastiki, uandike jina juu. Usibebe kwenye chupa ya kioo, floraidi inashikana na kioo na kipimo kinadanganya.