MREJESHO: Pikapu ya dizeli iliyokuwa inasumbua kuwaka asubuhi

Wakuu, wiki mbili zilizopita niliuliza kuhusu pikapu yangu ya komoni reli (dizeli ambayo nozeli zote zinalishwa na paipu moja yenye presha kubwa): asubuhi napiga stata mpaka betri inachoka, ikiwaka ni moshi mweupe na mtetemo. Wengi mlisema nianze kwa kupima mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli, yaani kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya injini. Asanteni sana, ndipo palipokuwa na tatizo. Nozeli ya tatu ilikuwa inarudisha mengi kuliko zile nyingine, hivyo presha ya kuwashia haifiki.

Fundi wa kwanza, wa Tabata, alitaka kulegeza nati ya paipu ya nozeli injini ikinguruma, kama tulivyozoea kwenye dizeli za zamani. Nilimzuia. Presha ndani ya paipu hiyo inaweza kupita baa 1,600. Mchirizi wake unapenya ngozi, nje unaona tundu dogo kama la sindano, kumbe dizeli imeshaingia ndani na mkono unaweza kukatwa. Aliyepigwa akimbizwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama hasikii maumivu.

Wa pili, wa mtaa wa Gerezani, alizima injini, akasubiri presha ishuke, akasafisha juu ya injini kabla ya kufungua chochote, na kila mdomo wa paipu akauziba. Vumbi la Dar mnalijua, na nafasi ndani ya nozeli ni mikroni (elfu za milimita) chache tu. Nozeli ya tatu akaibadilisha, paipu aliyoifungua akaweka mpya, namba ya nozeli mpya akaiingiza kwenye kompyuta ya gari. Uvujaji aliutafuta kwa kipande cha boksi, si kwa kidole.

Sasa inawaka kwa stata moja. Filta ya dizeli nayo nimebadilisha.