Mama yetu wa kiroho ametwaliwa, na kusali kumenishinda. Naombeni ushauri

Kijana wa Jumatano
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mama aliyenilea kiroho tangu kipaimara amelala katika Bwana. Ndiye aliyeongoza kikundi chetu cha Biblia cha Jumatano. Tangu tumzike, nikipiga magoti maneno hayaji. Nabaki kusikiliza sauti alizonitumia WhatsApp. Naambiwa "usilie, Mkristo ana tumaini", na wenzangu wanataka nishike kikundi. Je, kulia ni kukosa imani? Kusali nianzie wapi? Kikundi nikipokee?

Mchungaji Mstaafu
Pole sana, mwanangu. Wanaokukataza kulia wameishika nusu ya aya. 1 Wathesalonike 4:13 inasema "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini". Huzuni haikukatazwa, iliyokatazwa ni ile isiyo na ufufuo ndani yake. Yesu alijua anakwenda kumwamsha Lazaro, na bado akalia (Yohana 11:11, 35). Waliomzika Stefano walimfanyia maombolezo makuu. Israeli walimlilia Musa siku 30 katika nchi tambarare za Moabu. Tumaini letu limesimama juu ya 4:14, kwamba Yesu alikufa akafufuka, wala halipimwi kwa ukavu wa macho. Na aya ya 18 inatuagiza tufarijiane, kwa hiyo usijifungie.

Kuhusu kusali, chukua Zaburi 13. Ina aya 6 tu. Aya 1 na 2 ni malalamiko, "hata lini" imerudiwa mara nne. 3 na 4 ni ombi. 5 na 6 ni kumtumaini Mungu. Isome kwa sauti asubuhi na kabla ya kulala. Kisha andika yako kwa mpangilio huohuo: mistari miwili ya malalamiko, mmoja wa ombi. Mstari wa tumaini usipokuja usiulazimishe, soma aya ya 5 kwa maneno ya Daudi mwenyewe. Wengi hukwama kwa sababu wanarukia aya ya 5 kabla hawajamwambia Mungu kinachowauma, na sala inakuwa ya mdomoni. Hata Zaburi 88 inaishia gizani, na imo ndani ya Biblia.

Dada Muuguzi
Naongezea la mwili, maana husahaulika. Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakuanza na mahubiri. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji; akala, akalala, akaamshwa akala tena. Sauti ya Mungu ilikuja baadaye, Horebu. Basi kula hata kama hamu haipo, uji unatosha kuanzia, na ulale saa zilezile kila siku.

Huzuni huja na kuondoka, itakubana zaidi Jumatano jioni au ukisikia wimbo alioupenda. Hiyo ni kawaida. Ila ukikaa wiki 2 ukiwa umezama karibu kutwa nzima, kila siku, usingizi na chakula vimekukataa, nenda hospitali. Ukipata wazo la kufa ili umfuate mama, usibaki peke yako. Nenda siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linautambua msiba unaomlemaza mtu zaidi ya miezi 6 kuwa hali inayohitaji matibabu. Kumwona daktari si kumkana Mungu.

Mzee wa Kanisa
Hizo sauti zifute. Samweli alipokufa, Sauli aliitafuta sauti yake hadi kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi huko Endori, na mwisho wake mnaujua: alikufa vitani.

Dada Muuguzi
Shikamoo mzee. Hapo naomba nitofautiane nawe. Sauli alimwendea mganga. Huyu anasikiliza mafundisho aliyoachiwa. Ukifuta leo, majuto hayarudishi kitu. Hifadhi nakala nje ya simu, sikiliza moja kwa siku, mchana, usifanye hivyo kitandani.

Mwalimu wa Kikundi
Kikundi usikibebe peke yako. 2 Timotheo 2:2 ina vizazi vinne: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Gaweni kazi kwa watatu, yaani somo, maombi, na kutembelea wagonjwa, mkibadilishana kila mwezi. Kikundi kikimwegemea mmoja, akiondoka kinakufa. Usiige sauti wala misemo yake. Eliya alipotwaliwa mbinguni, Elisha alilishika vazi lake, lakini alipoyapiga maji aliuliza, "Yuko wapi BWANA, Mungu wa Eliya?" Wale watu 50 waliomtafuta Eliya mwenyewe walihangaika siku 3 bure.

Madaftari yake ni mali ya familia. Ngojeni matanga yaishe, muombeni mumewe, nakilini, rudisheni.

Kijana wa Jumatano
Mungu awabariki, nimeanza na Zaburi 13. Je, Jumatano hii tukikutana tufanye nini?

Mwalimu wa Kikundi
Someni Waebrania 13:7-8, zote mbili. Ya 7 inawakumbuka viongozi, ya 8 inamtaja Kristo asiyebadilika. Kila mmoja aseme jambo moja alilofundishwa, dakika 2, mtu mmoja aandike. Kisha endeleeni na kitabu mlichokuwa mkisoma, kuanzia aya inayofuata pale alipoishia. Awepo msomaji wa akiba, ukishindwa aendelee yeye. Mumewe mwalikeni, ila kama mtataka aseme neno, mwambieni mapema.