Santuri kuukuu, matoleo mapya au CD: rock ya miaka ya 70 kwa mtu wa Kisumu

Gitaa la Dunga (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Naanza kukusanya rock ya 1968 hadi 1979: gitaa nzito za Uingereza na Marekani, na Zamrock, yaani rock ya Zambia. Spika ninazo, na amplifaya ya zamani yenye tundu la PHONO, la kuchomeka pleya ya santuri. Pleya ndiyo sina. Naona njia tatu: santuri kuukuu za mtumba, matoleo mapya ya gramu 180 ya kuagiza nje, au CD, niachane kabisa na habari za sindano. Tena kuna mtu Nakuru anauza pleya ya santuri inayozungushwa kwa mkanda wa mpira, iliyoletwa kutoka Marekani, kwa bei ya kutupa. Mimi ni msikilizaji, si mtu wa kupamba ukuta. Mngeweka pesa wapi?

Sindano Butu (Nakuru)
Usitume pesa kabla hujaona kibati cha nyuma ya hiyo pleya. Mwambie muuzaji akupigie picha. Kikisoma 120V 60Hz na mota ikiwa ya AC, bei ya kutupa ina sababu yake.

Watu hudhani transfoma inamaliza kazi. Transfoma itashusha volti 240 zetu hadi 120, lakini Hz, yaani mizunguko ya stima kwa sekunde, haizigusi. Stima yetu ni ya 50Hz, ya Marekani ni 60Hz, na mota ya namna hiyo hufuata Hz. Sahani iliyotakiwa kuzunguka mara 33⅓ kwa dakika itazunguka kama mara 27.8. Gitaa lililopigwa katika A litasikika karibu na F#, na mwimbaji atakuwa kama amemaliza chupa ya chang'aa peke yake.

Dawa yake ni puli (kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda) ya 50Hz, ambayo ni nene kuliko ya 60Hz mara 1.2. Kuna pleya zilizouzwa na puli za aina zote mbili, kwa hiyo uliza kama ya pili ipo kwenye boksi. Fundi wa leth anaweza kukuchongea ya shaba, lakini tundu lake likikaa kando hata kwa unywele, kila noti ndefu itatetemeka. Piano ndiyo itakayokuambia mapema.

Pleya yenye mota ya DC na adapta ya nje haina shida hii. Unatafuta adapta ya 240V inayotoa volti zilezile, ampea zisizopungua, na chanya ikiwa upande uleule wa pini. Zile za mota ya moja kwa moja zenye kwatzi pia hazijali Hz, ila volti lazima ziwe sawa.

Fundi wa Kondele (Kisumu)
Sindano amemaliza upande wa stima. Mimi naongeza upande wa sahani zenyewe, maana hapo ndipo wengi huliwa.

Omera, mirundo ya mtumba huku kwetu utakuta benga, rumba, Jim Reeves na nyimbo za kanisa. Rock huja moja moja, na muuzaji akiona macho yako yamemetameta bei inapanda. Ukiipata, usiridhike na kung'aa. Santuri iliyochezwa miaka kumi kwa sindano nzito huwa safi machoni na imekufa mifereji.

Itoe kwenye kava, iinamishe chini ya jua au tochi ya simu. Mng'ao wa kijivu badala ya weusi maana yake mifereji imelika. Kisha tazama karatasi ya katikati, kandokando ya tundu. Mistari mingi myembamba pale ni ya mtu aliyekuwa akitafuta tundu gizani, yaani imechezwa sana. Pitisha ukucha polepole juu ya mkwaruzo: ukikwama, utausikia. Mkwaruzo unaokata mifereji hutoa "tik" kila sekunde 1.8, kwa kuwa huo ndio muda wa mzunguko mmoja.

Kama muuzaji ana pleya, usijaribu wimbo wa kwanza. Cheza wa mwisho wa kila upande, pale penye kelele zaidi. Ukingoni mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya kama sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na katikati ni kama 21 tu. Mawimbi yaleyale yamebanwa mahali padogo, kwa hiyo uchakavu huanzia kuonekana huko: "s" za mwimbaji zinageuka kuwa "shhh" na matoazi yanachanika.

Halafu ishike usawa wa jicho kama unavyoangalia ubao. Kupinda kidogo kote kote si neno. Kupinda kwa ghafla ukingoni ndiko hurusha sindano. Na soma namba zilizochongwa kwenye sehemu isiyo na muziki karibu na karatasi. Ziandike, kisha uzilinganishe kwenye Discogs, tovuti yenye orodha ya matoleo ya santuri. Kava la 1971 linaweza kuwa na sahani ya miaka ishirini baadaye, au ya kwaya.

Vitone vyeupe kama unga ni ukungu. Huo hauniogopeshi, unaoshwa.

Dada Besi (Eldoret)
Fundi, sawa, lakini mwenzetu amesema Zamrock. Bendi kama WITCH na Amanaz katika chapa ya kwanza ni bei ya pikipiki, na nyingi zilichezwa hadi zikawa kijivu kama ulivyoeleza. Hapo hakuna mjadala, ni toleo jipya. Now-Again ya Los Angeles imezitoa tena zote mbili, na jina la kampuni ni jambo la kwanza la kuangalia kabla ya gramu.

Hizo gramu 180 zinauzwa kama dawa. Uzito unasaidia sahani isipinde upesi, basi. Sauti inatoka kwenye kilichotumika kuchonga. Kava likisema limetoka kwenye tepu asili na likamtaja mhandisi aliyechonga, hiyo ni dalili njema. Likinyamaza kabisa, na kampuni hujawahi kuisikia, kuna uwezekano mkubwa walichukua CD wakaigeuza santuri. Basi nunua CD yenyewe kwa robo ya bei.

Mapya nayo yana magonjwa yake. Tundu likiwa halipo katikati kamili, sauti hupanda na kushuka kila mzunguko. Tazama mkono wa pleya, utauona ukienda kushoto na kulia kama mtu anayesinzia. Ugonjwa wa pili ni plastiki kutojaa mifereji kiwandani: sauti ya kuchana kitambaa, "zzzrip", mara nyingi upande mmoja wa spika. Haioshwi ikatoka. Ukiagiza nje, kurudisha sahani ni gharama kuliko sahani.

Na hesabu ya mlangoni uifanye mapema. Ushuru hupigwa juu ya bei pamoja na usafiri na bima. Tuseme sahani ni dola 30 na usafiri dola 25: unatozwa kwa dola 55, kisha VAT ya asilimia 16 inakaa juu ya jumla ikiwa na ushuru ndani yake, na ada za IDF (ya tamko la uagizaji) na RDL (ya maendeleo ya reli) zipo. Sahani moja haina maana. Agizeni watano pamoja, usafiri ugawanywe.

Fuzi ya Kakamega
Nitasema lisilopendwa hapa: CD.

Biti 16, 44.1kHz, hakuna tik, hakuna shhh ya wimbo wa mwisho, na ukungu wa ziwa hauifanyi kitu. Ila usinunue yoyote tu. Rock ya miaka ya 70 iliyotolewa kwenye CD katika miaka ya 80 na mwanzo wa 90 mara nyingi iliachwa na pumzi zake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 90 wengi walianza kubana sauti ili kila kitu kiwe juu, ngoma na gitaa vikawa ukuta mmoja. Kwa hiyo lile neno "remastered" (sauti imeandaliwa upya) kwenye kava liwe onyo, si sifa, hadi uhakikishe. Linganisha wimbo mmoja: ukilazimika kupunguza sauti mara tu CD mpya inapoanza, umeshajua.

Za mtumba, inua sahani kuelekea taa. Vitobo vya mwanga havitakiwi. Na mkwaruzo wa upande wa maandishi ni mbaya kuliko wa upande wa chini, kwa sababu tabaka linaloakisi liko chini kidogo tu ya wino. Wa chini unaweza kung'arishwa, wa juu umekula data.

Pleya ya DVD ya mtumba itakuchezea bila matata.

Sindano Butu (Nakuru)
Fuzi, sikupingi kwa sauti. Ila ana amplifaya yenye PHONO na anasema anakusanya. CD ya 1987 na kava la santuri la sentimita 31 si kitu kimoja mkononi.

Fuzi ya Kakamega
Alisema hapambi ukuta, mkuu.

Fundi wa Kondele (Kisumu)
Muacheni achanganye. Mimi ningegawa kwa albamu, si kwa imani: Zamrock, toleo jipya; albamu zilizouzwa kwa mamilioni zamani, santuri kuukuu, kwa kuwa nakala ni nyingi na unaweza kuchagua; albamu ndefu zenye zaidi ya dakika 25 kwa upande, CD, maana muziki mrefu hulazimisha mifereji kuchongwa myembamba na sauti hushuka hadi karibu na mchakacho.

Kuhusu pleya mpya. AT-LP60X ya Audio-Technica hutumia adapta, inajiendesha yenyewe, lakini uzito wa sindano haurekebishwi na katriji (kile kichwa kinachobeba sindano) haibadilishwi; unabadilisha sindano tu. AT-LP120XUSB ina mkono wa kurekebisha na katriji ya VM95E. Kama pesa zinafika, hiyo ya pili. Vile visanduku vya rangi vyenye spika ndani, usiviguse: vingi hukandamiza kwa gramu 5 au zaidi, na ndivyo vinavyozalisha zile santuri za kijivu.

VM95E inataka gramu 2.0. Zungusha uzito wa nyuma hadi mkono uelee bila kupanda wala kushuka, kizuizi cha kuvuta pembeni (anti-skate) kikiwa sifuri. Hapo zungusha pete ya namba peke yake isome 0, kisha zungusha uzito wote pamoja na pete hadi 2. Rudisha kizuizi kiwe 2. Sindano hii ya duaradufu hesabu saa 300, halafu mpya.

Kosa ninaloletewa mara nyingi liko nyuma ya pleya. Zote mbili zina swichi ya PHONO (ishara ghafi) na LINE (ishara iliyokwisha kukuzwa ndani ya pleya). Amplifaya yako ina PHONO, kwa hiyo swichi iwe PHONO. Ukiweka LINE na kuchomeka kwenye tundu la PHONO, ishara inakuzwa mara mbili: besi inavimba, gitaa linakwaruza, na utalaumu santuri. Ukifanya kinyume, PHONO kwenye AUX, utasikia kama redio ya jirani, nyembamba bila besi. Mvumo wa "mmmm" mfululizo, kama pleya yako ina waya wa udongo, ni huo haujafungwa kwenye skrubu ya amplifaya.

Dada Besi (Eldoret)
Mpe na kuosha, Fundi. Kisumu bila kuosha ni kazi bure.

Fundi wa Kondele (Kisumu)
Kwa lita moja: mililita 850 za maji yaliyotoneshwa, 150 za spiriti ya isopropili ya asilimia 99, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Maji yaliyotoneshwa ni yale ya betri petroli steshoni, lakini soma lebo mara mbili, chupa ya pili kwenye rafu hiyo ni asidi. Maji ya bomba yakikauka huacha chumvi ndani ya mfereji.

Funika karatasi ya katikati na kifuniko cha plastiki. Pakaza, ngoja dakika moja, futa kwa kitambaa laini ukifuata mifereji, kamwe usikate. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa matupu. Hatua hii wengi huiruka, kisha wanashangaa sindano kujaa ute mweupe. Kausha ikiwa imesimama. Yenye ukungu hairudi kwenye karatasi yake ya zamani, itupe karatasi, weka mpya. Na zile za 78 za wazee usizioshe kwa mchanganyiko huu hata kidogo, spiriti inayeyusha shelaki.

Zihifadhi zimesimama wima, mbali na ukuta wa nje na mbali na mabati. Mia moja ni kilo 25 hivi, kwa hiyo rafu ya mbao nyembamba itakunja mgongo.

Gitaa la Dunga (Kisumu)
Asanteni sana, nimeandika yote. Muuzaji wa Nakuru ametuma picha sasa hivi. AC 120V, 60Hz, 4W. Puli ya pili hana. Katriji iliyopo imeandikwa AT-VM95E kwa mbele, anasema haina hata mwaka.

Sindano Butu (Nakuru)
Mwulize kama atakuuzia katriji peke yake. Usimlipie saa za sindano usizozijua, ilipie mwili wake tu na ununue sindano mpya. Kabla ya kulipa, akupigie picha ya pini nne za nyuma: ziwe zimenyooka, na nyaya nyekundu, nyeupe, kijani na bluu zisiwe zimeunganishwa kwa risasi. Joto la chuma cha kulehemu likishaingia mle, upande mmoja huwa bubu.

Gitaa la Dunga (Kisumu)
Zimechomelewa.

Sindano Butu (Nakuru)
Mwage.